Herufi za Jumamosi

Kila Jumamosi napanda ngazi ya alumini
mbele ya kanisa letu, kona ya Arlington,
Winnipeg, nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri,
sanduku la herufi za plastiki kwapani.
E zimebaki mbili. Ya tatu ni tarakimu 3
niliyoigeuza; ukiwa garini hutambui.
Glavu navua, herufi hazishikiki kwa glavu,
naandika nilichoambiwa niandike:
NYOTE KARIBUNI, VILEVILE MLIVYO.

Miaka kumi na tisa. Abram alipokuwa hai
alinishikia ngazi.
Siku hizi inashikwa na theluji.

Corwin Dueck aliletwa na herufi hizo.
Alinieleza mwenyewe: taa nyekundu,
basi likasimama, akasoma, akashuka.
Mgeni siku mbili; ya tatu tukampa jembe.
Jembe lenyewe: kinanda, kwaya ya watoto,
brashi ya rangi kwa ukuta wa kaskazini,
tanuri la kuwashwa saa kumi na moja alfajiri.
Akalima miaka minne.
Mwaka wa tano akaja na Teodor, mwenzi wake,
na mkate wa mbegu nyeusi uliofungwa kwa taulo.
Wakakaa benchi la tatu. Mkate tuliula.

Jumanne akaitwa ofisini.
Mlango ulifungwa taratibu, kama mlango wa wodi.
Kuna sera, akaambiwa.
Iko wapi?
Kabatini. Ukurasa wa kumi na nne.

Ukurasa huohuo, aya inayofuata,
anakaa Verna Giesbrecht pasipo kujua:
Verna aliyetubeba mgongoni majira mawili ya baridi
tusipokuwa na mchungaji,
aliyezika wafu wetu, aliyehubiri
na mahubiri yakaitwa "neno fupi la dada".
Alipoomba kiti cha wazee wa kanisa
alikuwa na miaka sitini na mmoja.
Mbona hamkuniambia nikiwa na thelathini?
Wakatazamana.
Hukuuliza, wakasema.

Na mimi, mnaonisikiliza,
msidhani nilikuwa nje nikihesabu herufi.
Ukurasa ule niliuchapa mimi.
Nilisahihisha mkato, nikarekebisha pambizo,
nikautia katika jalada la kijani, nikafunga.
Ufunguo huu hapa, pamoja na wa nyumbani;
unalia kila ninapofungua mlango wangu.

Mchungaji husema, tukiutangaza tutaumiza watu.
Sawa. Lakini hata muuza viatu
hubandika bei kabla hujaingiza mguu.
Sisi tulimwacha mtu atembee miaka minne
ndipo tukamwambia vua.

Kusema kweli, juu ya aya zile zenyewe
sijui naamini nini. Usiku naamini hivi,
asubuhi, chai ikichemka, naamini vile.
Hilo nitalipeleka kaburini likiwa halijaiva.
Ila hili limeiva: kama ni ndiyo, nipeni ndiyo
niipandishe. Kama ni hapana,
nipeni hapana, nayo nitaipandisha
kwa vidole hivihivi vilivyokufa ganzi,
ili aliye ndani ya basi aisome
akiwa bado na nauli, bado na safari,
kabla hajatupenda.

Leo ni Jumamosi. Hakuna aliyenipa maneno;
simu ya ofisi nimeiacha iite.
Nimepanda. Nimebandua VILEVILE,
nimebandua MLIVYO, zimeanguka thelujini bila sauti.
Nimeandika:
UKURASA WA 14.
ULIZENI KABLA YA KUVUA KOTI.
A zilinipungukia. Ya mwisho ni V
niliyoisimamisha kichwa chini.

Taa imekuwa nyekundu.
Basi limesimama, vioo vimeganda barafu,
na ndani yake, kwenye kiti cha nyuma,
kiganja cha mtu nisiyemjua
kinafuta kioo, kinafuta,
apate kusoma.