Safu ya Mahali pa Kuzaliwa

Tartu, Machi. Theluji imegeuka tope kwenye ngazi.
Niko chini ya hospitali, mimi na seva na feni zake,
na nesi Ljubov wa mapokezi amenipigia mara ya tatu:
"Kiduara kinazunguka tu. Nina watu hapa wamesimama."

Kuuliza si ujinga, walisema.
Lakini swali nalo lina dereva wake,
mpangaji, asiyeonekana,
anayechagua njia kabla hujavuta pumzi:
apite kwenye faharasa, au asome jedwali zima
mstari kwa mstari, kama mkaguzi wa tiketi za treni.
Wagonjwa hawajui. Hajamwona hata mmoja.
Ana daftari dogo tu, na humo
kila safu imeandikiwa wasifu wake:
sehemu gani ni tupu,
thamani ngapi zisizofanana,
zipi zinajirudia sana, na kwa kiasi gani.
Zilizosalia, zile nyonge, zimegawiwa mafungu
yenye wingi sawa; ikahifadhiwa mipaka,
walio katikati wakaachwa bila jina.

Na hata hayo hakuhesabu. Alionja.
Mistari elfu thelathini, imeokotwa ovyo
kutoka laki tisa.
Nani amekula chungu kizima ili ajue chumvi?

Nikalifungua daftari.
Tartu, thuluthi nzima. Tallinn. Võru. Narva.
Valga, Elva, Põlva,
orodha iliyotulia kama picha ya darasa
ya mwaka ambao wote tulikuwa hai.
Imeandikwa Novemba.
Mariupol hamna.

Na mji usiomo, kwa mpangaji, ni mtu mmoja. Labda.
Basi akashika njia ya mtu mmoja:
ukimpata, lipekue kabati la chanjo, lote,
kisha rudi umtafute mwingine, ambaye hayupo.
Kwa mmoja, hiyo ni njia ya mkato.
Walikuwepo elfu nne, mia mbili na kumi na saba.
Akalipekua kabati, akarudi. Akalipekua, akarudi.
Hakuchoka, hakushangaa,
hakusimama kujiuliza: mbona hawaishi?

Ningetaka kusema mashine ililala. Haikulala.
Ina kipimo chake: sehemu moja ya kumi ibadilike
ndipo daftari liandikwe upya.
Hawa hawakufika.
Walijaza mabasi, walijaza ukumbi wa michezo wa shule
ambako binti yangu Pilvi alipeleka mablanketi,
ila moja ya kumi hawakufika.
Kipimo hicho nilikiweka mimi,
miaka sita nyuma, alasiri moja, nikila tufaha.

Nikaandika amri. Neno moja na jina la jedwali.
Sekunde nne.
Kijiko kikaingia tena chunguni, kikatoka,
na tazama: baada ya Elva, kabla ya Põlva,
Mariupol,
sehemu nne na nukta saba katika elfu.
Juu, simu ikakaa kimya. Kisha ikalia.
"Imefunguka," akasema Ljubov. Nyuma yake
nikasikia mtoto akikohoa, mtu akitaja tarehe kwa Kirusi.

Nilipaswa kwenda kulala.
Nikabaki naitazama namba ya juu kabisa,
ile ambayo hakuna anayeisoma: sehemu iliyo tupu.
Novemba ilikuwa moja katika mia.
Sasa ni mbili.

Nilimuuliza Ljubov asubuhi, tukigawana chai ya chupa yake.
Akasema: "Wapo wanaoifikia hiyo safu
wakashika kalamu, wakaniangalia.
Nawaambia waipite."

Mpangaji haulizi kwa nini.
Tupu anaihesabu kwa uangalifu,
anaiweka mwanzo, kabla ya miji yote,
na akitafuta mji wowote
anajua ni wangapi hatawakuta humo.