Si Lazima

Alhamisi usiku, Ibra. Napiga pasi kanzu za wiki,
na Muhanna kalala kifudifudi zuliani
na daftari lake la Kiingereza.
Ana miaka tisa. Kiswahili chake ni cha bibi yake wa Unguja,
kina "ati" na "hebu" zenye umri kunishinda.

"Mwanajuma, nisikilize nisome."
Masti, anasema. Ni lazima.
Lazima naijua, baba;
nimekuja huku nikaikuta imenitangulia,
imekatwa mkia: lazim.
Lazim chai, lazim mazulia, lazim mtoto ale.
Nami nilidhani nimeiacha Kondoa
kwenye deni la ada ya mdogo wangu.

Havu-tu. Hii nayo lazima,
ila mwalimu kasema masti hutoka moyoni mwa msemaji,
havu-tu hutoka nje.
Mimi nasikia ile "tu" ya mwisho:
amka tu. Pokea tu. Fanya tu.
Shudi, anasema, ni inafaa, kama sunna.
Mimi nasikia mashudu,
kinachobaki mafuta yakishakamuliwa.
Mshahara unafaa kulipwa tarehe mosi.
Masti-nati ni marufuku. Nati iliyokazwa,
na spana sina.

Kisha ananifunulia ukurasa wenye wino mwekundu.
Kaniandika mimi, kwa jina langu:
Ni marufuku Mwanajuma kufanya kazi Ijumaa.
Mwalimu kaikata. Juu yake kaandika:
Si lazima Mwanajuma afanye kazi Ijumaa.
"Nimekosea," anasema. "Alama mbili zimekwenda."

Naisimamisha pasi.
Si lazima. Najua si lazima,
imo kwenye mkataba, kifungu cha saba.
Na kesho wanakuja wageni kutoka Sur, watu ishirini,
na mama yake ataniambia kwa upole, upole wa kweli,
"Si lazima, Mwanajuma, ukitaka tu,"
na mimi, niliyezaliwa Ijumaa nikapewa jina lake,
nitakuwa nimeshaloweka mchele.

"Hilo kosa usilifute," namwambia.
"Alama zako nitakulipa kwa visheti.
Liandike upya, herufi kubwa,
ulibandike kwenye mlango wa friji,
hapo bibi yako anapovalia miwani."

Muhanna ananitazama, kalamu mdomoni.
"Lazima?"
Pasi inatoa mvuke, inanisubiri.
Tangu nifike nchi hii sijaitumia kwa mtu.

"Masti," nasema,
na narudi kwenye kola.