Mzambarau wa Mpakani

Shuka za Perusi zilikuwa nyeupe hadi Jumatatu.
Jumanne aliniletea moja mlangoni, ameikunjua
kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani:
madoa ishirini na saba, alikuwa ameyahesabu,
kila doa na rangi ya jicho lililopigwa ngumi.
"Sista Nyadoi, fanya jambo na mti wako,
ama shoka langu litafanya."

Mti si wangu. Mizizi imelala kwangu, matawi kwake,
na aliyeupanda hayupo wa kuulizwa.
Lakini nilisema, nipe mwezi mmoja.
Nilisema, haitaanguka hata moja kwako.

Ndivyo nilivyoanza kutengeneza divai,
mimi niliyehudumu miaka thelathini wodi ya wazazi
na sikuwahi kuchachusha kitu ila uji.

Obbo alipanda na ndoo ya rangi iliyosuguliwa.
Chini nilitandaza chandarua, kile cha kugawiwa,
chenye matundu, mbu wenyewe wanakidharau,
na zambarau zikakiangukia
kwa mlio wa mvua isiyo na uhakika.
Majani yana vumbi la saruji, Tororo ndivyo,
hata mchicha tunauosha mara tatu.
Nikaosha. Nikaosha tena.
Maji ya mwisho yakanionyesha uso wangu.

Ponda kwa mkono, usitumie kinu:
kokwa ikivunjika, uchungu wake hautoki.
Hilo aliniambia muuza mikate wa sokoni
akinipimia hamira kwa kizibo cha soda,
akacheka, "Sista, unafungua baa?"
Kilo mbili za sukari. Maji yaliyochemka, yakapoa
hadi kiwiko kisilalamike, kama ya kumwogeshea mtoto.
Mikono yangu ikawa zambarau hadi kwenye vifundo;
Jumapili hiyo nilipokea komunyo kwa ulimi.

Siku ya tatu beseni lilianza kunong'ona.
Nikachuja kwa bendeji, nikamimina kwenye dumu la manjano,
nikatoboa kifuniko, nikapitisha mrija wa dripu
(mpya, msiniangalie hivyo)
hadi ndani ya chupa ya maji.
Tubwi.
Kisha kimya.
Tubwi.
Nikachukua ile saa yangu ya kifuani, nikahesabu:
viputo arobaini kwa dakika.
Kesho yake thelathini na viwili.
Nikaandika daftarini saa, tarehe, hali:
*anapumua bila shida.*

Usiku, malori yanayoelekea Malaba yakishazima injini,
ilibaki sauti hiyo moja nyumbani.
Sikuwa nimejua nyumba ilikuwa kimya kiasi gani.

Wiki ya sita ikanyamaza.
Niliamka saa tisa, nikatega sikio kwenye dumu,
mkono tayari umeshatafuta mshipa.
Wodini ukimya ulikuwa na maana moja tu.
Muuza mikate alisema, hapana, huko ndiko kuiva,
sasa ivute polepole, usiyaamshe mashapo.

Chupa sita. Ya kwanza nilimpitishia Perusi juu ya ua.
Perusi ameokoka, hata tonto ya harusi haigusi.
"Ni dawa ya kifua?" aliuliza, akiniombea jibu kwa macho.
Muuguzi hadanganyi kuhusu dawa.
Nikamwambia: sukari, maji, na yaliyokuwa yaangukie shuka zako.
Alikwenda kuleta kijiko.
Vijiko viwili, akatazama barabarani.
Cha tatu kikawa kikombe.

Alhamisi alirudi na ile shuka ya madoa,
ameichana vipande vinne, amevipiga pasi.
"Mwakani chujia hivi," alisema. "Vimeshazoea."
Habari ya shoka hakuigusa, nami sikumkumbusha.

Chupa ya sita iko chini ya kitanda changu.
Jana niliionja.
Ina uchungu kidogo, nyuma kabisa ya ulimi.
Kuna kokwa moja, nadhani, ilinipita.