Mlingoti Mmoja

Walitupa ukumbi wa michezo wa shule ya msingi,
sakafu ya mbao yenye mistari ya mpira wa kikapu,
na bila kuambiwa na mtu, watu wakajigawa:
wa daraja upande huu wa mstari wa kati,
wa handaki upande ule, karibu na bomba la maji ya kunywa.
Mimi nilikaa kwenye ngazi, koti mapajani,
mvua ya Ballard ikinidondokea viatuni.

Mhandisi Yamane alifungua sanduku
akatoa udongo wa chini ya mfereji,
vipande vya mviringo kama pingili za muwa:
mchanga, tope la buluu, kokoto za barafu ya kale.
"Hapa," alisema, "treni itapita mita thelathini na tano chini.
Samoni hawatasikia kitu."
Mtu akauliza bei.
Akaitaja.
Ukumbi ukanyamaza kama aliyemeza mfupa.

Akasimama Oddny Tveit, mchomeleaji wa meli,
mwenye kovu la cheche chini ya jicho.
Nguzo za daraja, alisema, zitasimama
pale pale anapopandishia boti za uvuvi.
"Mnaniambia ni nguzo mbili tu.
Karakana yangu ina mlango mmoja tu."
Naye bwana Quach wa duka la mikate
akasema handaki nalo halichimbwi angani:
miaka sita ya malori, na uzio wa mabati mlangoni pake;
nani atavuka vumbi kufuata mkate wa vitunguu?

Kijana mmoja akacheka: jengeni juu,
abiria waone milima na theluji yake,
kwani nani hulipa nauli kutazama giza?
Mama mmoja akamjibu bila hata kugeuka:
"Mimi. Nikiwahi zamu yangu."

Kufikia saa mbili usiku
kila mtu alikuwa handakini mwake, akirusha takwimu.
Ndipo ikasomwa moja niliyoijua:
daraja la sasa hufunguliwa mara kumi na moja kwa siku,
kwa wastani.

Wastani huo ni mkono huu,
miaka kumi na tisa juu ya kitufe.
Na hakuna wastani aliyewahi kunipigia honi nikamfungulia.
Kuna mjane wa mashua ya kijani
apitaye kila Jumanne, hana aendako,
hufika kwenye malango ya maji, akageuza, akarudi.
Kwenye daftari nimemwandika mara mbili,
kwenda, na kurudi.

Wakanipa kipaza sauti.
Nilitaja jina langu, Corliss Bratvold, na kazi yangu,
kisha dakika zangu mbili zikaisha
nikiwa bado natafuta pa kuanzia.

Basi la saa tatu lilituzoa sote,
wa daraja na wa handaki, bega kwa bega, tukinuka sufi mbichi.
Likafika mferejini. Taa nyekundu. Kengele.
Barabara ikainuka mbele yetu kama mlango wa pishi.
Huku hakuna mamba wa kumchunga ulimi kabla ya kuvuka;
kuna Wendell, aliyeshika zamu yangu,
na Wendell hana haraka na mtu.

Mlingoti mmoja ukapita katikati ya mji,
mwembamba, taratibu, kama sindano isiyo na uzi.
Oddny akapangusa kioo kwa kiwiko:
"Yule ni Haugland. Injini inakohoa. Nilimwambia tangu Septemba."
Yamane alikumbatia sanduku lake la udongo.
Yule mama wa zamu alikwisha simama, mkono kwenye chuma,
kana kwamba kusimama kwake kungelishusha daraja.

Miaka kumi na tisa nimewasimamisha watu.
Dakika nne, huandika. Dakika nne tu.
Sikujua kwamba zikitazamwa kutoka huku chini
zina urefu huu.

Mama akatazama saa yake, akatazama mbele, akaitazama tena.
Nikavua kofia yangu polepole
nikaiweka mapajani, nembo ikitazama chini.