Stakabadhi

Jina lake niliandika kwa herufi kubwa,
moja moja, kama anayechambua mchele:
EUFEMIA TZOC AJPOP.
Tarehe ya kuzaliwa. Namba tisa.
Nikabonyeza kitufe,
nikaenda kumimina kahawa.

Kiwanda kilikuwa kimeuzwa.
Mmiliki mpya, karatasi mpya:
sote tukawa wageni tena,
tukajaza fomu kana kwamba tuliingia jana,
hata mimi, Verlene, niliyezoea kiti hiki
hadi kikashika umbo langu.
Na jimbo la Alabama linataka
kila mwajiri aulize, kila jina lipimwe,
na mashine iliyoko mbali, nisiyoijua sura,
itoe jibu kabla kahawa haijapoa.

Ikajibu.
Haijathibitishwa.

Haikuwa peke yake. Mashine ilimkataa pia
Wendell Stubblefield wa ghalani,
ambaye babu yake amezikwa kilimani,
nyuma ya tangi la maji.
Wendell alicheka mpaka akakohoa.
Akaenda mjini na cheti cha kuzaliwa,
na kabla ya Alhamisi
akawa yeye tena.

Eufemia nilimpa barua ileile.
Siku nane za kazi, nikamwambia, una haki ya kupinga.
Akaitazama kama mtu anayetazama mvua
akiwa tayari ameshalowa.

Miaka kumi na mmoja amekata mabawa,
arobaini kwa dakika,
katika baridi inayogandisha kope.
Klorini imemlamba vidole
hadi mistari yake ikafutika.
Niligusa mkono wake siku moja, kwa bahati mbaya:
laini kama kipande cha sabuni
kilichobaki bafuni.

Tunasema sheria ni msumeno,
hukata mbele, hukata nyuma.
Mimi nimekaa kwenye mpini, najua:
nyuma hukwaruza tu.

Siku ya tatu alikuja dirishani kwangu
saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kengele.
Nilidhani atalia. Nilikuwa nimeandaa tishu.
Akapanga juu ya meza
buti, namba thelathini na sita,
aproni ya mpira, imeoshwa,
glavu ya chuma,
kisu, kimenolewa.
Kimenolewa! Kwa ajili ya nani?

"Wasije wakakata kwenye mshahara wangu," akasema.
"Niandikie kwamba nimerudisha."

Nikatafuta fomu. Haikuwepo.
Kwa yote tunayoyauliza watu wakiingia,
hakuna aliyefikiria karatasi ya kutokea.
Nikachana ukurasa wa kalenda, mwezi uliopita,
nikaandika nyuma yake kwa mkono:
Eufemia Tzoc Ajpop amerudisha vyote.
Hadaiwi.
Nikatia sahihi. Nikatia na mhuri,
ingawa mhuri ule ni wa kupokelea mizigo.

Aliisoma polepole, midomo ikitembea.
Akaikunja mara nne,
akaisukuma ndani ya soksi.

Asubuhi hiyo mabawa yaliziba mkanda.
Msimamizi alipiga kelele kwenye redio,
akaleta vijana wawili kutoka kwenye maboksi;
mmoja alijikata, mwingine akaenda kula chakula cha mchana
asirudi.

Jumatatu akaja binti mwembamba,
nywele mvua, kitambulisho mkononi:
Misty Dawn Hatcher.
Nikaandika. Nikabonyeza.
Kahawa sikuifuata, nilikaa nikiikodolea macho skrini.
Imethibitishwa,
kwa kijani, upesi kama salamu.

"Misty," nikaita.
"Misty Hatcher."
Alikuwa anasoma tangazo la bima ukutani.
Mara ya tatu ndipo akageuka,
na macho yale nikayajua,
au nikadhani nimeyajua.

Sheria hainitaki niulize mara ya nne.
Nikainama chini ya meza,
nikamtolea buti.
Akavaa bila kuuliza namba.
Zikamkaa.