Kopo la Hamira

Zloti mia tisa ndani ya kopo la hamira,
noti zinanuka mkate. Mwaka mzima wa usiku
mbele ya tanuri la Załęże, nikitoa mikate myeusi
wakati Katowice yote imegeukia ukutani ikikoroma.

Leo Jumamosi, theluji imechanganyika na masizi,
na mimi, Jagoda, nimesimama dukani kwa Bwana Pyka
nikifuta miwani.

Nataka amplifaya moja tu. Moja itakayofanya kazi ya tatu:
Jumapili kanisani, sauti safi kama bilauri iliyosuuzwa,
maana Padri Alojzy akisikia mkwaruzo
hukunja uso hadi baraka ya mwisho;
Ijumaa kwenye ghala la chini, pamoja na akina Bronek,
sauti yenye kutu, yenye meno,
ya kumjibu mpiga ngoma asiyejua neno polepole;
na siku zilizobaki, chumbani,
ghorofa ya nne, ukuta mwembamba kama kaki,
na nyuma yake Bwana Ewald na mapafu yake ya mgodini,
anayehesabu usingizi kwa dakika.

Mshika mbili, wanasema, moja humponyoka.
Mimi nashika tatu, na mkono mmoja umebeba gitaa.

Pyka ananionyesha ile ya valvu kwanza. Muuzaji ni muuzaji.
Anaiwasha, tunangoja ipate moto,
vile vioo vinaiva rangi ya chungwa
kama ukoko wa mkate dakika ya ishirini.
Napiga kamba moja. Mungu wangu.
Sauti ikaingia kifuani, ikavua viatu, ikaketi.
"Elfu mbili na mia sita," anasema,
akitazama kando, kwa huruma.
Tena najua: mnyama huyu hasemi kweli mpaka apige kelele.
Chumbani kwangu angekuwa bubu mwenye deni.

Ya pili ni mpya, nyepesi, plastiki tupu,
sauti arobaini tumboni, kila moja na picha yake.
Nazungusha: hekalu, radi, chini ya maji, sayari nyingine.
Nani aliomba sayari nyingine?
Sauti arobaini, zote za jamaa mmoja anayebadilisha kofia.
Mia saba na tisini. Nusura ninunue.
Sitadanganya, nusura.

Kisha nikaiona chini ya meza, ya transista,
kitambaa cha mbele kimechanika, kovu la sigara begani,
na mgongoni mtu ameandika kwa rangi: USIIUZE.
"Aliiuza," anasema Pyka. "Wote huuza."
Mia nane na hamsini. Spika moja, wati thelathini,
vifundo vitano ambavyo hata mama angevielewa.

Nikaomba kiti. Nikashusha sauti hadi moja na nusu.
Pyka akasogea. "Binti, wote waingiao hapa
hutaka madirisha yatetemeke. Wewe unatafuta nini huko chini?"
Sikumjibu. Nilikuwa nasikiliza
kama tunavyogonga kitako cha mkate kwa kidole:
ulioiva hujibu kutoka ndani, hata ukiguswa kidogo.

Ikajibu.

Nikabonyeza swichi ya pili: kutu,
kutu ile ile ya Ijumaa, ila kwa kunong'ona.
Nikairudisha: bilauri.
Kitu fulani kilivuma mle ndani, kama friji ya jirani.
Nikamwambia, punguza kumi kwa ajili ya huo uvumi.
Akapunguza tano.

Nilipanda ngazi nimeikumbatia, kilo kumi na saba,
nikipumzika kila ghorofa
kama mke aliyemchukua mlevi wake.
Zimebaki hamsini na tano: waya mmoja,
au nauli ya tramu hadi mshahara. Nimechagua waya.

Sasa ni saa tisa mchana. Bwana Ewald amelala,
nasikia kikohozi kikilegea.
Kifundo kiko kwenye moja na nusu.
Kutoka hapo hadi kumi, zile namba nyeupe zote,
sijazigusa.
Hiyo ndiyo akiba yangu, sasa kopo likiwa tupu.