Safu ya Tatu

Wameniagiza kurasa mbili, zisizidi.
Mheshimiwa Hatakeyama anastaafu mwezi wa saba
na chama kinataka kijitabu chenye picha
cha kugawa hotelini Akita, kando ya sahani za samaki.
Mimi, katibu wake wa miaka kumi na minane,
nimefungua kumbukumbu za Baraza la Juu. Nahesabu.

Kura elfu mbili mia tatu na kumi na nne.
Ndiyo: elfu mbili mia moja na saba.
Hapana: mia moja sabini na moja.
Hakupiga: thelathini na sita.
Nimejumlisha mara mbili. Inatimia.

Ndiyo zake zimerundikana kama theluji juu ya paa,
huwezi kujua chembe ipi ilivunja boriti.
Ndiyo kwa bajeti, ndiyo kwa bandari,
ndiyo kwa mkataba alioupitia ndani ya lifti
huku nimemshikia koti.
Kidole kimoja, kitufe kimoja,
na jioni tunakula tambi, anauliza:
leo tumekubali nini?

Maswali ya maandishi, arobaini na moja.
Kumi na tisa ni ya dubu.
Dubu aliyeingia duka la misumari.
Dubu na bibi waliokwenda kuchuma uyoga.
Je, Serikali inafahamu
mwindaji wa mwisho wa Kamikura ana umri gani?
Serikali ikajibu kwamba suala linachunguzwa.
Mwindaji akajibu mwenyewe, kwa kadi ya posta:
themanini na nne, na goti moja halitaki.
Hili nitaliweka. Watacheka, watampenda.

Kuna usiku mzima ulioandikwa mstari mmoja:
Azimio limekataliwa.
Mstari hausemi kwamba wapinzani
walikwenda mwendo wa ng'ombe,
unyayo, kituo,
unyayo,
kituo,
kibao cha mbao mkononi, sanduku hapo mbele halifikiki,
saa ya ukutani ikichoka kuliko wao.
Mzee wetu alikwisha kutoa chake cha buluu mapema
akarudi kitini kusinzia.
Asubuhi nikakuta kikaratasi kwenye mfuko wa koti:
"Wale, angalau, miguu itawauma."

Sasa safu ya tatu.
Thelathini na tano nazijua: figo,
mazishi ya mkewe, ndege iliyokwama Sendai.
Iliyobaki ni ya muswada wa kuunganisha hospitali.

Siku hiyo kibao cha jina lake kilikuwa kimesimama mezani,
maana yake yupo.
Kiti kitupu.
Nilimkuta kwenye ngazi za nyuma, juu ya zulia jekundu,
viatu amevivua, amevipanga sawasawa
kama mtu aliyefika nyumbani kwa watu na hakukaribishwa.
Kengele ililia. Hakuinuka.
Muswada ulipita kwa tofauti ya kura thelathini.
"Yangu isingebadilisha kitu,"
alisema garini. Sikuwa nimemuuliza.

Wodi ya uzazi ya Kamikura ikafungwa majira ya kuchipua.
Januari iliyofuata dada yangu alijifungua barabarani,
kilomita sitini na mbili kutoka kwa mkunga,
ndani ya handaki,
kwa kuwa handakini theluji haiingii.
Mtoto wakamwita Toru, yaani kupita.
Ana miaka tisa, anapenda dubu.
Mheshimiwa humtumia tufaha kila vuli, sanduku zima,
bila barua.

Jana usiku alinipigia simu.
"Umefika wapi?"
"Safu ya tatu."
Nikasikia birika lake likichemka, likachemka,
hakulitoa.
"Hiyo andika jumla tu."
"Nimeandika jumla."

Kijitabu kimekwenda kiwandani.
Kurasa mbili, picha nne, dubu mmoja.
Ila nakala yake nimeichukua kabla ya kufungwa bahasha,
na pembeni, kwa penseli, ili aweze kufuta akitaka,
nimeandika:
kibao kilikuwa kimesimama.